Nyonga Iliyosahau Kuchutama

Dada yangu, ambaye hajapata kuiona theluji ila katika picha, aliniapisha nisipande ndege kwenda Uswisi pasi na kumchukulia mwanawe mbuzi ya kukunia nazi. Na kwa kuwa amri ya dada mkubwa katika ukoo wetu hairudishwi, nilijikuta katika chumba cha forodha cha ugenini nikimweleza askari, aliyekuwa akiupapasa ule ulimi wa chuma wenye meno kwa ncha ya kidole, ya kwamba kitu kile si silaha bali ni kigoda cha jikoni. Kiingereza changu hakikumtosheleza. Akanitaka nimwonyeshe matumizi yake, nami nikakikunjua, nikakikalia palepale mbele ya macho ya wasafiri, magoti yakinijia karibu na kifua, nikakuna nazi isiyokuwapo. Askari alicheka, akaniachia. Sikujua wakati ule ya kuwa mkao ule niliouonea haya ndio nitakaoukuta, siku tatu baadaye, ukifundishwa kwa ujira kwa watu wazima wenye mali na vyeo, tena kwa jina la Kisanskriti.

Mpwa wangu ana mwaka wa sita sasa katika bonde la Saanen, jimbo la Bern, jirani na mji mdogo wa Gstaad unaojulikana na matajiri wa dunia nzima. Ni mpishi katika hoteli moja ya huko, na kama ilivyo kwa wengi waendao kuchuma ugenini, kwanza aliiogopa theluji, kisha akaizoea, hatimaye ikamteka, hata siku yake ya mapumziko haimkuti kitandani bali mlimani. Alinipokea stesheni kwa "Shikamoo, mjomba," nami kabla sijamaliza kuitikia marahaba macho yangu yalikwisha kuona jinsi anavyozishuka ngazi upandeupande, mguu baada ya mguu, kama mzee aliyekula chumvi nyingi.

"Una nini, baba?"

"Goti, mjomba. Tangu msimu uliopita. Usimwambie mama."

Aliniambia njiani ya kwamba alianguka katika mteremko usiokuwa na lolote la kutisha, jioni, miguu ikiwa imechoka. Kano ya ndani ya goti ilivutika, haikukatika. Tabibu akamshauri apumzike, kisha aitie misuli nguvu. Na mwenzake wa jikoni, mwanamke wa Kireno, akamsukuma aende kwa mwalimu wa yoga. "Mimi nilidhani ni mambo ya kukunja miguu na kufumba macho," akasema, "nikaenda kwa sababu ada yake ni nafuu kuliko ya daktari."

Msomaji wa pwani asiyepata kuuona mchezo wa skii na aikumbuke ngalawa. Mvuvi asimamaye katika ngalawa wakati wa kusi hasimami kama askari wa gwaride, magoti yakiwa yamekakamaa; huyalegeza, hushusha uzito wake kiunoni, akaiacha miguu ipande na kushuka na wimbi ilhali kichwa na mabega vimetulia mahali pamoja, kwani akishindana na wimbi litamtupa. Ndivyo asimamavyo mtelezi juu ya mbao zake mbili. Neno lenyewe, ski, latokana na lugha ya kale ya watu wa kaskazini, na maana yake ni kipande cha mti uliopasuliwa. Na ijapokuwa watu wa Norwei walitembea juu ya vipande hivyo tangu zama zisizo na tarehe, ni katika karne ya 19 ambapo mkulima wa Morgedal katika wilaya ya Telemark, Sondre Norheim, alikifunga kisigino kwa fito zilizosokotwa, akaweza kugeuka na kuruka bila mbao kumtoka miguuni. Mchezo huu haukuwa mbali nasi kama tunavyodhani: mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, waliupanda Kilimanjaro hadi kileleni wakazitumia skii kuuteremka, wakati ambapo babu zetu huko chini walikuwa wakilipa kodi ya kichwa kwa serikali ya Kaizari.

Lakini mvuvi ana nyayo tupu, na hapo ndipo mfano wangu unapofikia kikomo. Mtelezi wa leo hufungwa mguu katika buti ngumu ya plastiki inayopanda hadi katikati ya muundi, na buti hiyo hubanwa juu ya skii kwa vibanio vya chuma. Tarikh ya majeraha ya mchezo huu ina kichekesho cha huzuni. Zama za buti za ngozi, laini na fupi, aliyeumia sana kilikuwa kifundo cha mguu. Mafundi wakaikinga kwa kuinua buti na kuikaza, kifundo kikasalimika, ukaanza kuvunjika mfupa wa muundi pale ukingo wa buti unapoishia. Mafundi wakarudi kazini. Hjalmar Hvam, mzaliwa wa Norwei aliyehamia Oregon nchini Marekani, alivunjika mguu mwaka 1937 na katika ugonjwa ule akabuni kibanio kinachofyatuka mtu aangukapo. Na vibanio vya namna hiyo vilipokwisha kukamilishwa na wengine waliomfuata, kuanzia miaka ya 1970 mifupa iliyovunjika ilipungua kwa kiasi kikubwa. Jeraha halikufa. Lilipanda tena, kama mkwezi mnazini, likafika gotini, na huko limeketi hata leo: takriban theluthi moja ya majeraha ya skii hulipata goti, na yaliyo mazito aghalabu huwa ya kano iliyopita mshazari ndani yake, ileile iliyokatika katika goti la bingwa wa Marekani Lindsey Vonn alipoanguka Schladming, nchini Austria, Februari mwaka 2013.

Kwa nini goti? Nilimwuliza mpwa wangu, akanijibu kwa maneno aliyopewa na mwalimu wake, na tangu nilipoyasikia sijapata maelezo mengine yaliyonitosheleza zaidi. Goti, kwa umbile lake, ni bawaba. Hufunga na kufungua, na kupinduka kwake ni haba. Viungo vilivyoumbwa kuzunguka ni jirani zake wawili, kifundo cha mguu chini na nyonga juu. Sasa kifundo kimekwisha kufungwa katika buti. Imebaki nyonga; na nyonga ya mtu wa mjini, anayeketi kitini tangu chai ya asubuhi mpaka taarifa ya habari ya usiku, au ya mpishi asimamaye mbele ya jiko saa kumi kwa siku bila kukunja mguu, imekuwa nzito kama mlango uliovimba kwa mvua. Skii inapogeuka na mwili ukakataa kugeuka nayo, mzunguko ule lazima uende mahali. Kifundo hakiupokei, nyonga haiupokei, basi humwangukia yule wa katikati asiyekuwa na kosa. Wahenga wetu walipozitaja nyasi zinazoumia kwa vita vya fahali wawili hawakuwa wakizungumza habari za matibabu, lakini wangelitambua goti la mpwa wangu.

Hapa ndipo yoga inapoingia, na katika bonde la Saanen haikuingia jana. Mwaka 1952 mpiga fidla mashuhuri Yehudi Menuhin alikwenda India, mwili wake ukiwa umechoka na usingizi ukiwa umemkimbia, akaonana mjini Bombay na mwalimu kijana wa Pune aliyeitwa B. K. S. Iyengar. Husimuliwa ya kwamba alimpa dakika tano tu za kuonana naye, na ya kwamba Iyengar alimlaza chini katika mkao wa maiti, akamfunika macho kwa vidole, na mgeni yule mwenye haraka akalala fofofo. Miaka miwili baadaye, 1954, Menuhin alimwalika Gstaad. Mwalimu huyo, aliyezaliwa mwaka 1918 katika kijiji cha Bellur huko kusini mwa India na kulelewa na homa ya matumbo, malaria na kifua kikuu hata ikadhaniwa hatakua, alianza hivyo safari zake za Ulaya katikati ya milima ya watelezi. Na kitabu chake, Light on Yoga, kilipotoka mwaka 1966, dibaji yake iliandikwa na mpiga fidla yule. Menuhin mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa kupigiwa mfano, kiasi kwamba mwaka 1982, mbele ya wapiga ala wa Berlin Philharmonic, alisimama kwa kichwa akawaongoza kwa miguu. Sioni dalili yoyote ya kwamba Iyengar alikuja Gstaad kwa ajili ya skii. Mambo mengi ya maana hukutana hivyo, moja likiwa limekuja kwa ajili ya muziki na jingine kwa ajili ya theluji.

Kilichowafaa watelezi katika njia ya Iyengar ni ukali wake wa vipimo. Yeye hakuridhika mwanafunzi anyooshe mguu. Alitaka kujua kidole gumba kinaelekea wapi, pia ya goti imekaa juu ya kidole kipi, uzito umelala ukingo gani wa wayo. Na asiyeweza kuufikia mkao alipewa kipande cha gogo cha kuwekea mkono, mshipi wa kuvutia mguu, kiti cha kuegemea, kamba ya ukutani. Wako waliomcheka kwa vyombo hivyo. Walakini mtelezi naye hana elimu nyingine ila hiyo ya ukingo: skii hugeuka kwa sababu imelazwa juu ya ukingo wake, na ukingo hulazwa na wayo, na wayo huamriwa na goti lililofuata mahali nyonga ilipolituma.

Darasa nililohudhuria, nikiwa mtazamaji, lilikuwa katika chumba cha ghorofa ya juu, sakafu ya mbao, madirisha yakiwa yameingiwa na ukungu wa pumzi za watu kumi na wawili. Mwalimu, bibi mwembamba mwenye mvi aliyezifunga kwa kitambaa, alivaa soksi mbili zisizofanana na hakuonekana kujali. Aliwaanzisha kwa mkao wa Utkatasana, miguu pamoja, magoti yakikunjwa kana kwamba mtu anaketi, mikono juu. Wazungu wengi huuita kiti. Neno la Kisanskriti lenyewe lina maana ya ukali na nguvu, na aliyeukaa dakika moja kamili anajua ni lipi kati ya majina hayo lililosema kweli. Mapaja ya mpwa wangu yalianza kutetemeka. "Ndiyo hiyo," mwalimu akasema kwa Kijerumani cha bonde lile, nami nikatafsiriwa baadaye, "hapo ndipo panapokuuma mlimani, siyo?" Kwani misuli ya mbele ya paja la mtelezi haifanyi kazi kama ya mpanda ngazi, hufanya kazi huku ikivutwa, kama mikono ya mtu anayeteremsha ndoo kisimani kwa kamba, ambaye lazima aishike na aiachie kwa wakati mmoja, na kazi hiyo huumiza misuli siku ya pili kuliko ile ya kuipandisha.

Wakaenda kwa shujaa Virabhadra, ambaye hadithi za Kihindu zasema alizaliwa kwa nywele za Shiva: mguu mmoja mbele umekunjwa, mwingine nyuma umenyooka, mikono imefunguliwa. Hapa bibi yule alipita na mshipi, akamzungushia mpwa wangu juu ya goti la mbele, akalivuta kidogo kuelekea nje, kwa sababu lilikuwa likiangukia ndani. Na kule kuangukia ndani, akaeleza, ndiko kunakotangulia kilio. Aliyetazama kwa makini angeona kwamba alipolirudisha goti mahali pake si goti lililosogea bali misuli ya pembeni ya kalio, iliyokuwa imelala, ndiyo iliyoamka. Baada ya mshipi kuondolewa goti lilibaki pale kwa pumzi tatu, likaanguka tena. Alilirudisha mara saba. Sikumwona akikasirika.

Kisha akawaambia wachutame, nyayo zote mbili zigusane na sakafu, makalio yashuke mpaka karibu na ardhi, viwiko viyasukume magoti. Mkao huu wauita Malasana, na mala ni shada la maua. Katika watu kumi na wawili, wanane walihitaji kuwekewa blanketi lililokunjwa chini ya visigino, maana visigino vyao vilikataa kugusa chini. Mwanamume mmoja, mwenye kifua cha mpanda milima, aliangukia mgongo kama kobe. Mpwa wangu, mwana wa dada yangu, aliyekulia katika ua ambao kila mtu ndani yake aliketi juu ya mbuzi, juu ya jamvi, juu ya visigino vyake akingoja zamu ya bao, aliyesujudu mara tano kwa siku tangu hajang'oa meno ya utoto, naye alipewa blanketi. Nilimtazama nikamwona ameona haya. Miaka sita ya jiko la kusimamia imemnyang'anya kitu ambacho kwetu hakikupata kuhesabiwa kuwa ni mali.

Baada ya darasa nilimwambia mwalimu, kwa ulimi wa mpwa wangu, habari za mbuzi ya nazi na za askari wa forodha. Alinitaka nimwonyeshe. Nilichutama pale mlangoni na koti langu, mzee wa miaka sitini na minne, nyayo chini. Alizunguka akanitazama kwa upande, halafu kwa nyuma, kwa macho ya fundi anayetazama jahazi la kale, akasema neno ambalo mpwa wangu alikataa kunitafsiria mpaka tulipofika nyumbani: kwamba huyu mjomba hana haja na mimi, lakini asipande mlima, kwa kuwa ana nyonga na hana mapaja.

Haki yake. Wasije wasomaji wakadhani ya kuwa kunyooka viungo ni kinga peke yake. Kiungo kilegevu kisicho na misuli ya kukilinda ni hatari kuliko kigumu, na wanaoichukua yoga kama shindano la nani atakunjika zaidi huiacha faida wakachukua madhara. Tena saa yake ina hukumu yake. Imekwisha kuthibitishwa na wataalamu wa mazoezi ya kwamba kuunyoosha msuli kwa kuutuliza mahali pamoja muda mrefu, zaidi ya dakika moja, mara tu kabla ya kazi ya nguvu, huupunguzia nguvu zake kwa kitambo. Kwa hiyo mikao mirefu ya kuvuta nyonga na misuli ya nyuma ya paja, kama ule waitao njiwa, mahali pake ni jioni, buti zikiwa zimevuliwa, na asubuhi mtelezi hutakiwa mwendo tu, kukunja na kukunjua, mpaka damu ipate moto. Mwalimu yule alikataza kabisa watu kujivuta katika kibanda cha kupandia kamba ya mlimani, jambo ambalo nililiona likifanywa kesho yake na watu wasiopungua ishirini.

Wala sikumsikia akiahidi kwamba yoga italiokoa goti la mtu. Lakini kuna habari moja kutoka Marekani ambayo naona inamwunga mkono kwa njia ya mbali. Watafiti Carl Ettlinger, Robert Johnson na Jasper Shealy walitazama namna kano ile ya ndani inavyokatika, wakakuta kwamba mara nyingi mtu huwa anaangukia nyuma, makalio yameshuka chini ya usawa wa magoti, uzito wote umelala katika ukingo wa ndani wa mkia wa skii ya upande wa bondeni, nayo skii hiyo ikageuka wenzo ulipindao goti. Katika msimu wa mwaka 1993 hadi 1994 waliwafundisha walinzi na walimu wa vituo kadhaa vya skii kuutambua mkao huo unapoanza na kuuvunja mapema: kupeleka mikono mbele, kuweka skii pamoja, na kutojaribu kuinuka kabla ya kukoma kabisa kuteleza. Hawakuwapa misuli mipya wala vibanio vipya, waliwapa macho. Ripoti yao ya mwaka 1995 ilisema majeraha makubwa ya goti kati ya waliofundishwa yalipungua kwa asilimia 62, na kwa wasiofundishwa hayakupungua. Mtu anayejua mwili wake uko wapi bila kuutazama, anayehisi makalio yake yanaposhuka mno kabla ya theluji kumwambia, ana nusu ya sekunde ambayo mwenzake hana. Na mkao wa kuchutama, ambao katika chumba chenye joto ni shada la maua, juu ya mteremko ndio mlango wa balaa. Mwalimu alilisema hilo mara mbili, akamtazama kila mmoja machoni.

Niliyoyaona makubwa zaidi, hata hivyo, ni ya pumzi. Katika Kitzbühel, Austria, uko mteremko wa mashindano uitwao Streif, urefu wake mita 3,312, ukishuka mita 860 kutoka juu hadi chini; Fritz Strobl aliumaliza mwaka 1997 kwa dakika 1 na sekunde 51.58, na hakuna aliyeupita mwendo huo katika njia nzima. Msomaji na ajaribu kuketi katika kile kiti kisichokuwapo kwa muda huohuo, mgongo ukiwa umeinama, atagundua kwamba kabla mapaja hayajamshinda pumzi itakuwa imekwisha kumsaliti, maana maumivu yakija mtu huizuia pumzi bila kujua, na pumzi ikizuiwa mabega hupanda, shingo hukaza, na mwili uliokuwa wimbi hugeuka gogo. Wanayoga huifundisha pumzi ya pua, ndefu, yenye sauti nyembamba kooni, na hawamruhusu mtu kuubadili mkao mpaka aweze kuivuta akiwa katika taabu. Hilo tu, kama lisingekuwapo jingine, lingetosha kuwa fadhila kwa mtelezi.

Dhahiri zaidi ni katika ule mchezo uunganishao mbio za skii na kulenga shabaha. Mwanamichezo hufika uwanjani moyo ukimdunda kama ngoma ya unyago, bunduki iko mgongoni, na mara hiyo lazima apige shabaha tano kwa umbali wa mita 50: akilala, shabaha ina upana wa milimita 45, ndogo kuliko mdomo wa kikombe cha kahawa ya mtaani, akisimama, milimita 115, yapata kisosi. Hawezi kuungoja moyo utulie, kwa kuwa wenzake wanampita. Anachoweza ni kutoa pumzi nusu, kuikuta ile nukta ya ukimya baina ya kutoka na kuingia, na kufyatua ndani yake. Akikosa, katika mashindano mengi huzunguka njia ya adhabu ya mita 150 kwa kila shabaha iliyosalimika. Nimeketi na maalimu wa Kurani aliyekuwa akitufundisha kugawa pumzi katika aya ndefu, mahali pa kusimama na mahali pasipofaa kusimama, na nilipoutazama mchezo ule katika televisheni ya mpwa wangu nilimkumbuka.

Na kwa kuwa nimemtaja maalimu, lipo swali ambalo najua baadhi ya wasomaji wamekwisha kuliuliza tangu nilipoandika jina la Shiva. Yoga ilizaliwa ndani ya dini za India, na neno lenyewe latokana na kufunga nira. Novemba mwaka 2008 Baraza la Fatwa la Taifa la Malaysia lilitangaza kwamba yoga iliyochanganya mazoezi, ibada na nyimbo za Kihindu haifai kwa Waislamu. Novemba mwaka 2017 Saudi Arabia iliiruhusu yoga kama mchezo miongoni mwa michezo mingine. Mpwa wangu alimwuliza mwalimu wake siku ya kwanza, akajibiwa kwamba darasani pale hakuna kinachoimbwa ila bomba la maji ya moto likipata hewa. Aliridhika, nami niliridhika. Asiyeridhika ana haki yake, na mazoezi ya nyonga hayakuumbwa chini ya jina moja.

Jambo la mwisho nililolizungumza na mpwa wangu kabla ya safari lilikuwa habari za Waafrika katika michezo hii, kwani kuna picha mbili alizozibandika juu ya jokofu lake. Moja ni ya Philip Boit wa Kenya, mkimbiaji aliyegeuka mtelezi, katika Olimpiki ya Nagano ya mwaka 1998: alimaliza kilomita 10 akiwa wa mwisho, dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, naye mshindi yule akakataa kuondoka mpaka amkumbatie penye mstari, Boit akamwita mwanawe Daehlie. Mapafu ya Boit hayakuwa na dosari, huo ni ushuhuda wa nchi nzima ya wakimbiaji. Kilichokosekana ni mazoea ya wayo na kitu kinachoteleza. Ya pili ni ya Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi mwaka huohuo wa 1998, akalelewa Austria, na mwaka 2018 huko PyeongChang akawa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi. "Huyu wa kwetu, mjomba," akasema, akiigonga picha kwa mwiko. "Wa bahari ileile."

Usiku wa mwisho theluji ilianguka tangu magharibi. Skii zake zilikuwa zimesimama pembeni mwa mlango zikichuruzika maji juu ya gazeti, na buti zimefunguliwa ndimi. Nilidhani amelala. Nilipotoka kwenda kunywa maji nilimkuta jikoni, taa ndogo imewaka, ameketi juu ya mbuzi ya mama yake, soksi kwenye sakafu baridi, viwiko ndani ya magoti. Hakukuwa na nazi. Nazi ya bonde lile huja katika kopo. Visigino vyake vilikuwa chini, cha kulia kikiwa kimeinuka kidogo, kama unene wa kadi. Aliniona, hakusema kitu, akaonyesha vidole vitatu, nami nikasimama nikizihesabu pumzi zake mpaka zikafika kumi na tano.